Upara wa mapema: Dawa zipo, lakini zina masharti

Wanaume wengi huanza kupata upara wangali vijana wa miaka ishirini na kitu. Nywele hurudi nyuma pembeni mwa paji la uso, au hupungua utosini.

Chanzo si kofia wala shampuu, bali ni urithi na homoni. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni iitwayo DHT, ambayo kwa mwenye urithi huo hudhoofisha mashina ya nywele. Kila nywele mpya huota nyembamba kuliko iliyotangulia, hadi shina linapokoma kuotesha.

Dawa mbili ndizo zinazotumika zaidi. Minoksidili, iliyoanza kama dawa ya shinikizo la damu, hupakwa kichwani. Finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997, hupunguza DHT. Matokeo huonekana baada ya miezi kadhaa, na mtu akiacha dawa, nywele huanza tena kupukutika. Faida kubwa ni kulinda nywele zilizosalia. Ndiyo maana anayeanza mapema hunufaika zaidi.

Hata hivyo, finasteridi yaweza kupunguza nguvu za kiume. Mwezi Mei 2025, kamati ya usalama ya Shirika la Dawa la Ulaya ilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Kijana aliyewahi kuugua sonona amweleze daktari kabla ya kuanza dawa hiyo. Anayeitumia akiona huzuni isiyo ya kawaida, aache kidonge na amwone daktari bila kuchelewa.