Je, Picha Moja Yaweza Kuonyesha Umbo Zima la Ng'ombe?

Mnunuzi hutazama ng'ombe wako kwa macho tu, kisha hutaja bei. Akikisia uzito kwa faida yake, hasara ni yako. Ndiyo sababu wafugaji wengi wangependa kujua kama picha moja ya simu yaweza kutoa umbo zima la mnyama, hata ubavu usioonekana.

Kwanza fahamuni kwamba kamera ni jicho moja. Hulaza kila kitu juu ya bapa, na unene hupotea. Kwa jiwe au nyumba si taabu kubwa: utazunguka ukipiga picha nyingi, na kompyuta itazilinganisha, maana nyumba haitikisiki. Ng'ombe sivyo. Huinama, hugeuza shingo, hujaza tumbo. Kila picha ni ya umbo jingine.

Basi wataalamu walifikiri hivi: kompyuta ifundishwe kwanza jinsi miili ya wanyama ilivyo. Mwaka 2017 Silvia Zuffi wa Italia na wenzake walipima sanamu 41 za kuchezea, za wanyama wa jamii ya simba, mbwa, farasi, ng'ombe na kiboko. Wakapata mfano mmoja unaoweza kukunjwa na kunyoshwa. Mwaka 2019 waliuendeleza kwa punda milia wa Grevy, mnyama wa kaskazini mwa Kenya aliye katika hatari ya kwisha. Kompyuta ilifunzwa kwa picha za kutengenezwa, ambazo umbo lake lilijulikana tayari, kisha ikajaribiwa kwa picha za punda milia wa kweli.

Lakini upande usioonekana hukisiwa tu. Tena, picha haisemi ukubwa. Wewe uliye Nairobi, nenda Arboretum karibu na Kileleshwa, fumba jicho moja, uinue kidole gumba mbele ya uso. Kidole kitafunika mti mzima! Vivyo hivyo ndama aliye karibu na fahali aliye mbali waweza kuonekana sawa katika picha. Kwa hiyo ukipiga picha ili mnyama akisiwe, simamisha ubavuni mwake fimbo ambayo urefu wake waujua.

Usiuze wala usipime dawa kwa picha peke yake. Kama huna mizani, tumia utepe wa kupimia ng'ombe. Mnyama asimame sawasawa. Zungusha utepe kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, uvute bila kumkaza, usome. Jambo hili si la bei tu. Dawa ya minyoo ikiwa pungufu kwa uzito wa mnyama, minyoo yenye nguvu hubaki hai na kuzaana, na baadaye dawa ile haitafaa kitu.

Andika kipimo na tarehe katika daftari kila mwezi. Mnunuzi akija na kukisia kwa macho, mfungulie daftari, kisha mpime ng'ombe pamoja mbele yake.