Singa na Kipilipili: Protini ni Ileile

Nilipokwenda field Tabora nilipangiwa Baiolojia kidato cha pili. Siku ya mada ya lishe nikasema nywele nazo ni protini. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, sasa mbona zangu ni kipilipili na za huyu ni singa? Au yeye anakula nyama zaidi?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, ila jibu sikuwa nalo. Nikasema tutalijibu kesho.

Tabora swali hilo lina uzito wake. Karne ya 19 mji huu ulikuwa njia panda ya misafara: ukitoka Bagamoyo unafika hapa, kisha njia moja inakwenda Ujiji, nyingine inapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Walipita wapagazi wa Kinyamwezi, Waarabu wenye asili ya Oman, na watu wa Manyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengi wao wakiwa watumwa. Baadhi walibaki, wakazaa. Ndiyo maana leo dawati moja linaweza kukalia mabinamu wawili wenye nywele tofauti kabisa. Shida ni kwamba za mmoja zinaitwa "nzuri" na za mwingine "mbaya".

Usiku ule nilisoma, na nilichokipata ni hiki. Nywele za watu wote zimejengwa hasa kwa keratini, aina ya protini iliyopo pia kwenye kucha. Keratini ni minyororo ya asidi amino iliyosokotana kama kamba. Asidi mojawapo, sisteini, ina salfa. Salfa ya mnyororo mmoja hushikana na ya mnyororo wa jirani, na hapo ndipo unywele unapopata uimara. Ukipima asidi amino za singa na za kipilipili, uwiano wake unakaribiana sana.

Tofauti inaanzia chini ya ngozi, kwenye kishimo kinachootesha unywele. Kishimo kilichonyooka hutoa unywele ulionyooka, na ukiukata, kwenye hadubini unaonekana karibu duara. Kilichopinda hutoa unywele bapa kidogo, unaojikunja. Ndani yake baadhi ya keratini hukaa zaidi upande mmoja kuliko mwingine, halafu vifungo vya salfa hukaza umbo hilo kabla unywele haujachomoza. Kishimo hicho tunakirithi kwa wazazi, hakitokani na nyama.

Kesho yake nilikwenda na mshumaa. Tukachoma unywele wa singa, tukachoma wa kipilipili: harufu ileile, kali, na salfa imo humo. Tukachoma na uzi wa rasta. Ule uliyeyuka na kunuka plastiki. Hapo darasa likanyamaza, likaelewa.

Nikawaeleza na habari za dawa, kwa sababu mimi mwenyewe nina kovu nyuma ya sikio tangu nilipowekwa dawa saluni baada ya kidato cha nne. Chanuo la moto hulegeza vifungo dhaifu vya haidrojeni tu, ndiyo maana mvua ikikunyeshea nywele zinarudi. Dawa kali ina hidroksidi ya sodiamu, ileile kostiki ya kutengenezea sabuni. Inavunja vifungo vya salfa, na kwenye urefu uliopakwa havirudi kama vilivyokuwa. Ngozi nayo ina keratini, kwa hiyo ikikaa sana inaunguza. Na baada ya yote hayo kishimo kinaendelea kutoa kipilipili, kama sentimita 1 kwa mwezi.

Anayetaka kuweka dawa aweke, kichwa ni chake. Ila asiweke kwa kuamini kwamba anarekebisha kasoro. Wenzangu wa Elimu mnaojiandaa kwenda field, swali hili mtaulizwa. Bebeni mshumaa.