Kiwiko Kikivimba, Usikimbilie Wembe

Fundi wa magari hulala chini ya gari akiegemea kiwiko. Dereva wa lori hukiweka dirishani kutwa nzima. Siku moja anaona kitu laini kama yai kimefura kwenye ncha ya kiwiko, wala hakiumi sana. Rafiki anamwambia, "Toboa tu na wembe, ni maji hayo." Hapo ndipo shida inapoanza, maana tundu la wembe laweza kukataa kuziba na kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo.

Kati ya ngozi na ncha ya mfupa wa kiwiko kuna kifuko chembamba ambacho hufanya ngozi iteleze bila kukwaruzwa na mfupa. Kikigongwa au kikiegemewa mara nyingi, hujaa maji. Ugonjwa wa jongo nao unaweza kukivimbisha. Uvimbe wa namna hii kwa kawaida hautaki kisu. Acha kuegemea, vaa kitambaa laini, ungoje. Unaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Najua watu hawapendi kuambiwa wangoje.

Vijidudu vikiingia, hiyo ni habari nyingine. Kiwiko kinakuwa cha moto, kinauma sana ukikigusa, na pengine homa inakushika. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo weka mkono usikie joto. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Daktari atavuta maji kwa sindano safi yakapimwe, halafu atakupa dawa za kuua vijidudu. Zimeze zote, hata ukipata nafuu siku ya tatu.

Upasuaji huja pale usaha unapokataa kuisha kwa dawa na sindano, au uvimbe unapokaa miezi mingi ukimzuia mtu kazi. Mkono unatiwa ganzi, au mgonjwa analazwa usingizi. Mara nyingi daktari hukata pembeni kidogo ya ncha, ili kovu lisikae pale pa kuegemea. Anatoa kifuko, na kama mfupa umeota mwiba, anausawazisha. Je, mkono utakauka bila kifuko? La. Mwili huweza kujitengenezea kingine pole pole.

Tabu kubwa ni kidonda chenyewe. Ngozi ya hapo ni nyembamba, haina nyama chini yake, na kila ukikunja mkono inavutika. Ndiyo maana unafungwa bandeji ya kubana, na pengine mkono unawekewa gango usikunjike. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Anayeshika jembe wiki ya kwanza anaweza kukifumua kidonda, kikae kikitoa maji muda mrefu. Mwenye kisukari amweleze daktari mapema, kwa kuwa vidonda vyake hupona kwa shida.

Basi kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, kaeni nyumbani mpange nani atakamua ng'ombe na nani atachota maji mpaka mkono upone.