Je, Wajua? Kapasita Moja Huokoa Tuita
Je, wajua kwamba tuita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba ndani ya gari, huungua upesi kikipelekewa besi? Waya wa koili yake ni mwembamba mno. Kinga rahisi ni kapasita: ya mikrofaradi 10, ikiungwa kwa mfululizo na tuita ya omu 4, huanza kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 4,000 hivi. Lakini hupunguza taratibu, desibeli 6 tu kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Mwaka 1976 mhandisi Siegfried Linkwitz alichapisha chujio la masafa lililo kali zaidi ya kapasita hiyo, alilobuni pamoja na mwenzake Russ Riley. Toleo lake linalopunguza desibeli 24 kila masafa yanaposhuka kwa nusu limo katika mitambo mingi ya sauti ya leo. Usijaribu tuita bila kapasita, hata kwa dakika moja.