Kabla Fundi Hajashika Msasa

Nyumba za zamani za Kericho na Bomet zina madirisha ya chuma ambayo kila ukiyafunga, fremu husugua fremu na magamba ya rangi hudondoka. Huku mvua haina likizo. Unyevu hupenya chini ya rangi, chuma hushika kutu, na mwishowe mwenye nyumba anamwita fundi. Fundi anakuja na skrepa na msasa mkavu, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Baadhi ya nyumba hizo ni za tangu kampuni kubwa za chai zilipofungua mashamba Kericho miaka ya 1920. Enzi hizo madini ya risasi yalikuwa kiungo cha kawaida cha rangi ya mafuta: risasi nyeupe kwenye mbao, risasi nyekundu ya kuzuia kutu kwenye chuma. Lakini asijidanganye aliyejenga juzi. Kikomo cha lazima cha Kenya, sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, hakina miaka mingi, na nyumba ya miaka ya 1990 nayo ni ya kushukiwa. Jicho halisaidii: rangi nyekundu ya chini yaweza kuwa oksidi ya chuma tu, yaweza kuwa risasi.

Wakenya wengi waliijua sumu hii kupitia Owino Uhuru, Mombasa, ambako mahakama iliamuru mwaka 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Vumbi la rangi halina moshi wala harufu, ndiyo maana halitishi mtu. Mtoto anayetambaa hulishika, kisha hulamba vidole. Kwa kiasi kilekile, mwili wake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 ya mtu mzima, na ubongo unaokua ndio unaoumia. Sehemu nyingine ya risasi hiyo hujificha mifupani kama kalsiamu, na mama akipata mimba hurudi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kisicho na madhara.

Rangi iliyoshika vizuri iacheni, pakeni nyingine juu. Inayobanduka ilowesheni kwanza, ikwanguliwe ikiwa mbichi juu ya karatasi ya nailoni, na tochi ya gesi isitumike kabisa, maana moto hugeuza risasi kuwa mvuke wa kuvutwa. Msifagie, panguseni kwa tambara bichi. Kama ni paa, ondoeni kwanza bomba linalopeleka maji tangini. Na kuku? Wafungieni. Wakidonoa magamba chini ya ukuta, risasi huishia kwenye mayai.

Kazi ya majimaji ni ya polepole, na mafundi wengi hulipwa kwa kazi, si kwa saa. Malipo ya siku ya ziada mkubaliane kabla hajapanda ngazi.