Mauser ya 1871: Bunduki Nzuri kwa Vita Gani?

Wapenzi wa silaha za kale hawajapatana kuhusu Mauser ya 1871, bunduki waliyobeba askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani tangu mapigano ya Bagamoyo ya mwaka 1889 hadi Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapo wanaoisifu kwa uimara wake na uzito wa risasi yake. Wapo wanaoiona kuwa mzigo uliowaponza waliopewa. Pande zote mbili zina hoja za kweli, na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuzipima, kwa sababu kati ya Bagamoyo na Tanga bunduki hiyo ilipigana vita viwili visivyofanana hata kidogo.

Tuanze na chombo chenyewe. Kiliundwa na ndugu wawili, Paul na Wilhelm Mauser wa mji wa Oberndorf, na jeshi la Ujerumani likakipokea mwaka 1872. Mtutu wake una kipenyo cha milimita 11, bunduki nzima ina uzito wa kama kilo 4 na nusu, na ndani haikai risasi ya akiba. Mpigaji huinua mkono wa komeo, akalivuta nyuma, akaweka risasi moja, akalisukuma mbele na kulilaza. Akishafyatua, hurudia yote tangu mwanzo. Komeo likivutwa hulichomoa ganda tupu, lakini halilirushi nje. Lazima bunduki iinamishwe ubavu ganda lidondoke ndipo risasi nyingine iingie.

Leo mtu akisikia hayo ataona ni kazi kubwa. Mwaka 1889 haikuwa hivyo. Ofisa Mjerumani Hermann Wissmann aliletwa pwani kuzima upinzani wa Abushiri bin Salim al-Harthi, akiwa na Wasudani walioandikishwa Misri na wapiganaji wa Kishangaan kutoka Msumbiji. Wengi wa watu wa Abushiri walikuwa na magobori. Mwenye gobori humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia kitambaa au nyuzi, akashindilia gololi kwa mdeki, kisha akaweka fataki. Ni shida kubwa kufanya hayo ukiwa umelala kifudifudi, na mtutu wake usio na mifuo ya ndani hauaminiki kwa shabaha ukipita kama mita mia moja. Mwenye Mauser alipakia akiwa amelala nyuma ya kichuguu, na mifuo ya mtutu wake iliizungusha risasi ikaenda sawa hadi mita mia kadhaa. Tarehe 8 Mei 1889 boma la Abushiri nje ya Bagamoyo lilipigwa kwa mizinga, kisha likavamiwa na kutekwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani.

Baada ya hapo, pengo lile la silaha lililindwa kwa sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa bunduki za mifuo na za kupakia nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa serikali na kwa watu wachache wenye vibali. Mwananchi akabaki na gobori, askari wa serikali akabaki na Mauser. Ndivyo hali ilivyokuwa hata vita vya Maji Maji vilipolipuka mwaka 1905. Sifa ya bunduki hii ilijengwa katika miaka hiyo, na waliojenga sifa hiyo walikuwa maofisa ambao kwa kawaida hawakupambana na adui mwenye silaha sawa na zao.

Sasa tugeukie kasoro yake kuu, yaani moshi. Risasi ya Mauser hii ilisukumwa na baruti nyeusi: shura, kiberiti na makaa. Baruti hiyo ikiwaka, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa hewa. Hubaki chembe ngumu. Sehemu moja hutoka kama wingu jeupe mbele ya mpigaji, nyingine huganda ndani ya mtutu. Masizi hayo yana chumvi inayovuta unyevu. Katika hewa ya pwani mtutu usiposafishwa mapema huanza kushika kutu, na mafuta peke yake hayatoshi: chumvi huyeyushwa kwa maji, yakiwa ya moto ni bora zaidi, kisha mtutu ukaushwe na kupakwa mafuta.

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi kutokana na selulosi iliyotiwa asidi ya nitriki. Miaka miwili baadaye Ufaransa ikatoa bunduki ya Lebel, na majeshi yote makubwa yakakimbilia huko. Ujerumani yenyewe ilichagua bunduki mpya mwaka 1888, kabla Wissmann hajafika Bagamoyo. Kwa hiyo askari wake walianza kazi na silaha ambayo nchi iliyowatuma ilikwisha kuamua kuiacha. Mauser ya 1898 iliyofuata ilibeba risasi tano, na risasi yake nyembamba ilitoka kwa kasi ya karibu maradufu ya ile ya zamani. Kasi hiyo huinyoosha njia ya risasi. Mwenye bunduki ya 1871 akikosea kukadiria umbali, risasi yake nzito hupita juu ya kichwa cha mlengwa au huchimba vumbi mbele yake.

Hata hivyo, mwaka 1914 kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki ya moshi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wao, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba wenzake wengi waliamini silaha hiyo yamfaa askari mweusi kuliko ya kisasa. Yeye aliona vingine vita vilipoanza. Hata porini, ambako maadui huwa hatua chache tu kati yao, asiye na moshi haonekani, na mwenye moshi hujitaja mwenyewe kila anapofyatua. Kwa mujibu wake, zawadi kubwa kuliko zote ambayo askari angeweza kupewa mwanzoni mwa vita ilikuwa bunduki ya kisasa iliyotekwa kwa adui. Askari hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza.

Watetezi wa Mauser ya 1871 hapa hutaja Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914, watu kama 1,000 wa Lettow waliwashinda wanajeshi wapatao 8,000 wa Jenerali Aitken wa Uingereza, waliokuwa na bunduki zisizo na moshi. Ni kweli, na ushujaa wa askari wale hauna ubishi. Lakini ushindi ule una sababu nyingine zinazoonekana wazi: bombomu zilizopangwa vizuri, reli iliyoleta kampuni kutoka upande wa mji wa Moshi, na adui aliyeshuka pwani polepole bila kupeleleza. Tena tazama walichofanya washindi. Waliokota silaha za walioshindwa, zikatosha kampuni tatu, pamoja na risasi 600,000. Aliyeridhika na bunduki yake hafanyi hivyo. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyotumwa kutoka Ujerumani, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza hadi ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya 1,800. Meli ilipigwa mizinga, maji yakaingia, na bado shehena iliopolewa. Risasi zilizoloa zilifunguliwa moja moja, zikakaushwa na kufungwa upya. Kazi hiyo yote ilikuwa kwa ajili ya kuagana na moshi.

Uamuzi wangu ni huu. Kama kazi ya fundi, Mauser ya 1871 ilikuwa nzuri: imara, rahisi kufundishwa, yenye risasi nzito. Kama silaha ya vita, ilikuwa nzuri dhidi ya mtu aliyenyimwa silaha ya kujibu, na ilipokutana na anayeweza kujibu, aliyeibeba ndiye aliyelipa. Kosa halikuwa la ndugu wa Oberndorf. Lilikuwa la wakubwa walioiacha mikononi mwa askari kwa robo karne kwa kudhani kwamba maisha yao hayahitaji kilicho bora. Ndiyo maana kila inapowekwa bunduki hii kwenye maonyesho, kibao chake kisiishie kwenye kipenyo cha mtutu na mwaka wa kuundwa. Kiseme pia ni nani aliibeba, ni nani alisimama mbele yake, na kila mmoja wao alikatazwa silaha gani.