Usafi wa magari yenye vinili, Myanga hadi Kitale

Vinili ya kuvisha gari ni utando wa plastiki wenye gundi upande mmoja, na pamoja na gundi yake unene haupiti sana sehemu moja ya kumi ya milimita. Fundi huupasha joto, akaunyoosha juu ya bodi, kisha akakata kingo kwa wembe. Kuanzia soko la Myanga, magharibi mwa mji wa Bungoma, hadi Kitale, utando huu au stika za aina yake huonekana zaidi kwenye magari ya kazi: matatu, magari ya kusambaza bidhaa na pikapu za kampeni. Kwa magari hayo, vinili ni tangazo lililolipiwa, na muda litakaodumu unategemea sana mtu anayeliosha.

Vinili ni za namna mbili. Ile ya kumiminwa ni laini, hukubali mikunjo ya bodi na hudumu miaka kadhaa. Ile ya kubanwa kwa rola ni nene na rahisi, lakini hujikunyata na kuachia kingo mapema. Mwenye gari anayelipa bei ya chini kwa kawaida amepata hii ya pili, na ndiyo inayohitaji mkono mwepesi zaidi wakati wa kuosha.

Adui wa kwanza ni tope. Mvua za masika zikianza, udongo mwekundu hupanda hadi madirishani, na ndani yake mna chembe za mchanga. Kitambaa kikipita juu ya tope kavu, chembe hizo hukwaruza utando, na mkwaruzo wa vinili hausuguliwi ukaisha kama wa rangi. Kwa hiyo maji hutangulia, kutoka paa kushuka chini, ndipo sifongo ifuate.

Mashine ya presha ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Kishawishi cha mwoshaji ni kusogeza mdomo wa bomba karibu na ukingo wa mlango ambako tope limeganda, na hapo hasa ndipo maji hupenya chini ya stika na kuiinua. Maelekezo ya 3M, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa vinili, yako wazi: presha isifike psi 2,000, maji yasizidi nyuzi 80 za Selsiasi, bomba likae angalau sentimita 30 kutoka kwenye gari, na maji yatoke yametawanyika na kupiga bodi moja kwa moja, si kwa mshazari. Hakuna gharama yoyote hapo. Ni hatua moja tu ya kurudi nyuma.

Sabuni ya unga ni kali, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Shampuu ya magari inafaa zaidi. Mafuta ya taa na petroli, vinavyotumiwa kutoa lami, hulainisha gundi. Petroli iliyomwagika karibu na tangi hufutwa papo hapo, kama kinyesi cha ndege. Vinili isiyong'aa haipakwi nta kamwe, maana hubaki na mabaka. Gari lililovishwa karibuni huachwa siku mbili au zaidi kabla ya kuoshwa.

Jua nalo halina huruma. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mionzi huwa mikali zaidi kadiri ardhi inavyoinuka. Boneti na paa hupauka kabla ya milango, hivyo kivuli cha maegesho kinalinda stika kuliko dawa yoyote ya kupaka.

Biashara yenyewe ina masharti. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kuchafua mito, kwa hiyo kuoshea magari ukingoni mwa mto Nzoia si njia ya kukwepa bili ya maji. Anayebadilisha rangi ya gari zima kwa vinili anapaswa kuijulisha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye logbuku.

Kazi ngumu kuliko zote ni kubandua. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, stika za wagombea zilikuwa zimemaliza kazi yake, na kila mwezi stika kama hizo zinapoachwa juani plastiki hukauka. Ikibanduliwa mapema kwa hewa moto, ikivutwa polepole, hutoka vipande vikubwa. Ikichelewa hukatika vidogovidogo na kuacha gundi inayosuguliwa kwa spiriti. Gari lenye rangi ya kiwandani huvumilia kazi hiyo. Lililopigwa rangi upya gereji linaweza kubanduka rangi pamoja na stika, na jambo hilo fundi mwaminifu humwambia mteja kabla ya kubandika.